Namba Mia Mbili na Kumi na Moja Ambazo Si Zako, Mama

Mwaka umetimia, Mama, tangu ile asubuhi ya tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu ulipotutoka ukiwa kitandani kwako, miwani ya kusomea ikiwa bado juu ya paji la uso. Tarehe hiyo tumeiweka mwanzo kabisa, na huko chini tutaitaja tena, kwa sababu kumbukumbu yako hii ina kazi ya kufanya. Wenzetu katika ukurasa huu wa gazeti wataweka picha, ua na mstari mmoja wa majonzi, na wana haki yao. Sisi tuna jambo la kusema, na mwenzio ninalisema nikiwa na kichefuchefu.

Anayeandika ni mimi, binti yako, dobi. Mdomo wangu unaujua. Ulikuwa ukiniambia, “Wewe mwanangu, ulimi wako una magadi.” Basi leo nivumilie, maana Baba ndiye aliyenituma niandike, na hakunipa masharti.

Kwanza tukukumbuke vizuri, kabla sijauchafua ukurasa.

Ulikuwa mchanganya rangi katika duka la vifaa vya ujenzi, miaka thelathini na minne nyuma ya kaunta ile ile. Mtu akija na kipande cha plasta kilichobanduka ukutani kwake, ulikuwa unakitoa nje kwenye mwanga, unakitazama huku umeinamisha kichwa upande, kisha unarudi ndani kuchanganya. Akishapaka, haoni tena alipoziba. Ilipoletwa mashine ya kuchanganyia, uliiacha ifanye kazi yake, halafu ukachungulia ndani ya kopo na kusema, “Bado.” Ukaongeza tone moja la nyeusi. Mwenye duka alikuwa akikasirika, lakini wateja walikuwa wakikungoja wewe.

Ndivyo alivyokukuta Profesa, mzee wa kile kituo cha nyota kilichopo juu ya kilima nje ya mji. Alikuja kununua rangi ya kupaka kuba la darubini yao kubwa.

“Nipe nyeupe yoyote,” alisema. “Nyeupe ni nyeupe.”

“Hapa ninazo nyeupe kumi na moja, mzee wangu. Unataka ipi?”

Alidhani unamtania. Siku ya pili alirudi na kadi kumi alizozipaka mwenyewe, zote nyeupe za kukaribiana, nyuma ameziandika namba. Akazichanganya kama karata. Ulizipanga kutoka inayong’aa hadi iliyofifia huku unamhesabia mteja mwingine misumari, na hukukosea hata moja. Profesa alikaa chini, juu ya ndoo ya rangi.

“Mama, umewahi kuzitazama nyota?”

“Nani hajawahi?”

“Naongelea kuzipima.”

Tangu siku hiyo, miaka thelathini na moja, ulikuwa na kazi mbili, na ya pili haikuwa na mshahara wala likizo.

Niwaeleze wanaosoma, maana majirani mpaka leo hawajaelewa. Zipo nyota ambazo mwanga wake hupanda na kushuka, nyingine kwa siku chache, nyingine kwa miezi. Wataalamu wanataka kujua kila moja inapanda lini na inashuka lini, lakini ile darubini yao kubwa ina foleni ndefu, na hakuna atakayepewa aitazamie nyota ile ile kila siku kwa miaka thelathini. Kwa hiyo wanawategemea watu kama wewe, wenye kazi zao nyingine, wanaotazama kwa darubini ya mkononi kutoka uani: dereva wa lori, bibi mstaafu, muuza viatu, kila mmoja nchini kwake. Kila mtu ana herufi zake tatu. Namba zake zinaingia kwa herufi hizo katika daftari moja kubwa la kwenye kompyuta, zinakutana na za wengine, na wataalamu wanazifanyia kazi.

Kupima kwenyewe si uchawi. Unaitafuta nyota yako. Unatafuta jirani yake mmoja anayeizidi kung’aa, na mwingine aliyefifia kuliko hiyo yako, wote wawili wa mwanga usiobadilika na unaojulikana. Halafu unajiuliza: yangu iko wapi kati ya hawa wawili? Unaandika namba. Na namba zenyewe ni za kichwa chini miguu juu, ikikua ujue nyota imefifia. Baba alihitaji mwaka mzima kulimeza hilo.

Majirani wao walikuja kuuliza bahati. Yule wa nyumba ya pili alikuja na mkono wazi kabisa, akitaka umtazamie kama mumewe atarudi. Ulimkaribisha chai, ukamwambia, “Mimi napima mwanga, mama, bahati sina kipimo chake. Lakini huyo mumeo, hata bila nyota, mimi ningebadilisha kitasa.” Alibadilisha.

Tulikucheka sana, tukubali. Ulikuwa ukila chakula cha jioni umevaa miwani ya jua, mezani, ndani ya nyumba, ili macho yazoee giza mapema. Wageni waliokuja kuposa walidhani una ugonjwa wa macho. Ulimfuata yule jirani tuliyemwita Taa Kali na kumwomba aifunike taa yake ya ukutani, na alipokataa ulimpelekea kopo la rangi nyeusi na brashi, ukakaa barazani kwake mpaka akapaka. Tochi yako ulikuwa umeifunga kitambaa chekundu, na Baba ndiye aliyekuwa mshika tochi. Mapenzi yenu yote yalikuwa pale uani, wewe ukitaja namba kwa sauti ya chini, yeye akikumulikia daftari.

Na kulikuwa na kibanio cha nguo. Hicho uliniibia mimi dobini. Ulikuwa unazibana kurasa zilizopita za daftari, ili usiione namba ya jana kabla ya kuandika ya leo. Nilikuuliza kwa nini, nikiwa bado mjinga.

“Nikiiona ya jana,” ulisema, “jicho litaniletea ya jana.”

Nyota uliyoipenda kuliko zote ulikuwa unaiita Mvivu, kwa sababu huchukua miezi mingi kuamka, huwaka wiki chache, kisha hurudi kulala. Ulikuwa ukiigombeza kama mtoto asiyetaka kwenda shule. Na siku usiyoona kitu hukuona haya. Uliandika neno moja, “Mawingu,” ukaenda kulala. Madaftari yako yamejaa mawingu, Mama. Nilikuwa nikidhani ni kurasa zilizopotea bure.

Huyo ndiye wewe. Sasa tuje kwenye uchafu.

Siku ya mazishi yako, Mwenyekiti wa chama cha watazama nyota alikuja na shada kubwa la maua ya plastiki. Mimi nikiwa napitisha chai, nilimkuta amekaa na kaka yetu, mwanao wa kwanza, mwalimu wa hesabu. Mwenyekiti alikuwa na biskuti mdomoni na makombo kwenye tai.

“Amebakiza kidogo tu kufika elfu ishirini,” alikuwa akimwambia Kaka. “Mia mbili na kitu. Elfu ishirini ndiyo ya ngao. Ni vibaya kumwacha njiani mama wa watu.”

“Ni kweli, Mzee.”

“Neno lake la siri si mnalo?”

“Lipo limebandikwa kwenye friji.”

Mwenyekiti akamkonyeza, akachukua biskuti nyingine. Niliyasikia haya kwa masikio yangu mawili, sinia mkononi, nikayaona ni maneno ya msibani, watu wanaongea ili wasilie. Nikawaongezea chai.

Mwezi wa nane tukaitwa kwenye ukumbi wa maktaba. Viti vya plastiki, soda, kipaza sauti kinachopiga mluzi. Mwenyekiti alisimama akasema umefikisha vipimo elfu ishirini, wa kwanza katika chama chetu kufika, na watu wakapiga makofi mpaka wengine wakasimama. “Alifika, wapendwa,” alikuwa akisema, anajipangusa macho makavu. “Alifika!” Kaka aliketi mstari wa mbele na suti yake ya harusi. Nikaitwa nipokee ngao ya mbao yenye kibati cha shaba.

Mama, mimi nilijua. Sitajificha nyuma ya mtu. Daftari lako la mwisho lilikuwa kabatini kwangu. Kila ulipomaliza kutazama ulikuwa unajumlisha kwa kalamu nyekundu, na jumla yako ya mwisho kabisa, kwa mkono wako, ni 19,789. Namba hiyo nilikuwa nayo kichwani nikipanda jukwaani. Na bado nilipokea ngao nikacheka kwenye picha, meno yote nje. Picha hiyo ipo. Nikiiona natamani kutema mate, na wa kutemewa ni mimi.

Ngao ikatundikwa sebuleni juu ya kiti chako. Baba alikuwa haitazami. Tulidhani ni majonzi.

Mwezi wa kumi na moja, mchana, Daktari alikuja dobini kwangu. Huyu ni yule mwanamke aliyerithi kazi ya Profesa pale kilimani, uliyekuwa ukimwita “mwanangu wa mlimani.” Ulipofariki alikuwa masomoni ng’ambo. Alisimama kati ya mashuka, ana bahasha, ananiangalia kwa aibu.

“Dada, samahani kwa swali hili. Mama alifariki tarehe ngapi hasa?”

Nikamwambia. Akafumba macho kidogo. Kisha akatandika karatasi juu ya meza ya kupigia pasi.

Karatasi ilikuwa na vidoti. Vya bluu vilikuwa vya watu wengine, yule dereva, yule bibi mstaafu, na kamera ndogo ya kituo. Vyekundu vilikuwa vya herufi zako. Nyota yenyewe ni Mvivu. Kwa miaka yote thelathini na moja, kila palipo na bluu, vyekundu na bluu vimeshikana kama nyuzi za kitambaa. Halafu vinafika mwezi wa tatu mwaka jana, na vinaachana.

“Safari hii Mvivu ilichelewa kuamka,” alisema. “Ilififia kuliko tulivyowahi kuiona. Ni jambo kubwa, dada, ndilo tulilokuwa tukilisubiri. Wote wameliona. Lakini Mama anasema imepanda vizuri tu, kama mwaka wa nyuma yake. Nimelinganisha. Si kama mwaka wa nyuma yake. Ni ile ile, namba kwa namba.”

Akasogeza kidole mbele kwenye karatasi.

“Na tazama hapa. Siku mia moja na sita mfululizo, namba mbili kila siku. Hakuna ‘Mawingu’ hata mara moja. Mama yako hajawahi kukaa siku kumi bila kuandika mawingu.”

Ukitaka kumdanganya mtu kuhusu mvua, Mama, usimdanganye dobi. Mimi nakumbuka msimu ule. Mvua ilinyesha mpaka nikakodi chumba cha jirani nitundike mashuka, na bado yalinuka uvundo, na wateja walinitukana. Anga hatukuiona. Na mtu mmoja alikaa kwenye kiti, chini ya bati linalopigwa na mvua, akaandika kwamba nyota inang’aa.

Nilimtazama Daktari akihesabu na kidole chake. Siku mia moja na tano, namba mbili mbili. Siku ya mia moja na sita, namba moja tu, kisha kimya. Alishafika, si ndiyo? Alishamaliza mia mbili na kumi na moja, akafunga kompyuta, akaenda zake kula. Hiyo namba moja ya siku ya mwisho ndiyo iliyonitapisha. Nilienda kwenye karo la nyuma nikatapika kweli.

Niliporudi, Daktari alikuwa hajamaliza.

“Kamati ya daftari kubwa imetia alama kwenye herufi zake. Wanasema, kama mtu mwingine alituma kwa herufi hizi miezi mitatu na nusu, tutajuaje kama hakutuma miaka kumi iliyopita? Wasipopata jibu watazifuta.”

“Zipi?”

“Zote, dada. Tangu ya kwanza.”

Akanieleza kwamba ipo miaka ambayo kwa Mvivu hakuna namba nyingine ila zako. Zikifutwa, panabaki shimo, na shimo hilo haliwezi kuzibwa, maana mwanga wa mwaka ule umeshapita. Nilimuuliza tufanye nini. Alisema aliyefanya ajitokeze mwenyewe, kwa maandishi, hadharani, aseme ni zipi na alizitoa wapi. Kamati haitaki minong’ono ya simu.

Tulikaa kikao Jumapili, sebuleni, wote. Kaka hakukataa. Ningemheshimu kidogo kama angekataa. Alikunja mikono akasema, “Nilifanya kwa upendo.”

“Upendo gani wa kunakili?”

“Mama alistahili ile ngao.”

“Alistahili ya kwake! Wewe umempa ya kwako, umemvika kilemba cha ukoka maiti!”

“Punguza sauti, mdogo wangu.”

“Sipunguzi! Mwanafunzi akinakili jibu la mwenzake unamfanyaje, Mwalimu? Si unamsimamisha mbele ya darasa? Na yeye angalau ananakili la mtu aliye hai!”

Mama mdogo, ndugu yako, aliyekaa muda wote akikunja na kukunjua leso, akaingilia. “Ya nyumbani yaishie nyumbani, jamani. Mwalimu mzima, ana watoto, aanikwe gazetini?”

“Mimi kuanika ndiyo kazi yangu, Mama mdogo.”

“Na wewe nawe! Kila kitu kwako ni doa. Mengine yanafunikwa.”

“Mficha uchi hazai.”

“Zaa basi, tuone utazaa nini!”

Kaka akasema, “Namba ni namba tu. Nani anakufa kwa kuwa nyota moja imeandikwa sita badala ya tisa?” Alisema hivyo, Mama, chini ya picha yako. Mwalimu wa hesabu. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Baba aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na bisibisi. Akapanda juu ya kiti chako, kile ambacho hakuna anayekikalia, akaifungua ngao ukutani, parafujo moja baada ya nyingine. Ilichukua muda, mikono yake si ya zamani. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Aliposhuka akaiweka sakafuni, uso chini.

“Kuna siku nilimwambia,” alisema, “kuna baridi, andika tu kama jana, turudi ndani. Hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu aliniambia, ‘Mume wangu, ukinitaka niandike nisichokiona, tafuta mke mwingine.’ Nilimshikia tochi miaka thelathini na moja. Hakuwahi kuandika asichokiona.”

Kisha akamgeukia Kaka. “Umemfanya mama yako mwongo. Alipokuwa hai hakuna aliyeweza.”

Kaka alitoka bila viatu vyake. Alirudi kuvichukua kesho yake, hakuingia ndani.

Nilimpigia simu Mwenyekiti. Alisema chama hakikumlazimisha mtu. Alisema huenda ni hitilafu ya kompyuta. Alisema tuwe na busara, chama kina jina lake. Nikamuuliza kama biskuti zilikuwa tamu. Akakata simu. Juzi nimesikia bado ni Mwenyekiti, na anapanga ngao nyingine kwa mtu mwingine. Kinyaa, Mama. Sina neno lingine, ila lile moja ambalo Baba amelifuta alipolisoma tangazo hili.

Majuma yakapita, kumbukumbu yako ikakaribia. Niliandika tangazo hili mara ya kwanza, nikasema namba zile ziliandikwa na “mtu mmoja wa nyumbani.” Nikampelekea Daktari alisome. Akalirudisha taratibu. “Mtu mmoja wa nyumbani anaweza kuwa Mama mwenyewe,” alisema. “Kamati itasema hivyo.” Nikampelekea Kaka karatasi ile ile, nikaisukuma chini ya mlango wake, sikubisha hodi. Sikutaka kumwona.

Alikuja dobini wiki iliyopita, saa za kazi, na nguo za kazi. Sikumpa kiti. Aliweka mezani karatasi yangu na daftari jipya la shule. Katika karatasi amekata “mtu mmoja wa nyumbani” kwa kalamu yake nyekundu ya kusahihishia, akaandika maneno mengine juu yake. Katika daftari ameorodhesha zote mia mbili na kumi na moja, kila moja na tarehe ya uongo wake, na pembeni ukurasa wa daftari lako alikoinakili.

“Imenichukua usiku tisa,” alisema.

“Nani mwingine anajua?”

“Nimeshamwambia mkuu wa shule. Kesho nawaambia walimu. Wanafunzi watasoma gazetini.”

“Na watoto wako?”

“Mkubwa ameshaniuliza kwa nini bibi aliandika akiwa amekufa.”

Nililipitia daftari lake ukurasa kwa ukurasa mbele yake, nikilinganisha na yako. Hakukosea hata moja. Ndiyo hesabu ya kwanza ya kweli aliyofanya tangu ufe, na nilimwambia hivyo hivyo. Alitikisa kichwa kukubali, akaondoka. Sijamsamehe, Mama. Najua wewe ungekuwa umeshampa chai. Mimi bado simpi hata kiti, na sitaandika hapa kwamba nampa, kwa sababu simpi.

Basi hili ndilo tangazo, na kamati inayokaa wiki ijayo italisoma pamoja na lile daftari la shule.

Mama yetu alifariki tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu. Namba zote zilizotumwa kwa herufi zake kuanzia tarehe kumi na nane ya mwezi huo hadi tarehe mosi ya mwezi wa saba, jumla mia mbili na kumi na moja, si zake. Zifutwe. Vipimo alivyofanya kwa macho yake ni 19,789, na madaftari yote yapo kwetu, yeyote anayetaka kuyakagua anakaribishwa, Baba atamfungulia mlango. Hakufikisha elfu ishirini. Ngao tumeirudisha kwa mkono, tukaiacha mezani kwa Mwenyekiti bila bahasha. Alichokiandika mwisho, tarehe kumi na tatu, ni neno moja, “Mawingu,” na Daktari ametuthibitishia kutoka kituoni kwamba siku ile kweli hapakuonekana kitu.

Hatujui kamati itasemaje. Huenda bado watazifuta zote, na hapo mimi na wewe tutakuwa tumeanikwa hapa mbele za watu bure. Lakini wakizifuta, watafuta wakijua.

Wanaokukumbuka, Mama, ni mumeo, mshika tochi wako. Ni ndugu yako, Mama mdogo, ambaye mpaka asubuhi ya leo hataki tangazo hili litoke, na ameomba nalo hilo liandikwe. Ni wajukuu zako wanne. Ni mwanao wa mlimani, Daktari. Ni mimi binti yako, dobi, niliyejua nikacheka kwenye picha. Na ni mwanao wa kwanza, mwalimu wa hesabu, ambaye mstari wake tunauacha kama alivyouandika kwa kalamu yake nyekundu: “Ni mimi. Sikutazama juu hata siku moja.”

Tutakukumbuka siku zote kwa kile ulichokiona, Mama, na hatutakuongezea.